Ganzi inayowaka moto ndani ya mkono baada ya upasuaji wa titi na kwapa

*"Daktari, nina miaka 46, kazi yangu ni ushonaji. Miezi saba iliyopita niliondolewa titi la kushoto kwa saratani, pamoja na tezi za kwapani. Kabla ya hapo nilipata kemo, baada ya hapo mionzi, na sasa nameza tamoksifeni, kidonge cha kuzuia saratani kurudi, kila siku. Kidonda kimepona vizuri. Shida ni mkono. Kuanzia kwapani, upande wa ndani, mpaka karibu na kiwiko sina hisia. Nikijigusa naona kama nashika mkono wa mtu mwingine. Na hapohapo palipokufa ganzi panawaka moto, hasa usiku, na mkono wa blauzi ukigusa kwa juu nashtuka. Wifi yangu anasema wamenikata mshipa na mkono utapooza taratibu. Jirani anasema mkono wa kushoto ukiuma ni moyo. Nimemeza diklofenaki na vidonge vya vitamini B, nimekandwa kwa maji ya moto, na mama mmoja ananishauri nichanjwe chale kwa wembe. Mimi ninachoogopa zaidi ni ugonjwa kurudi. Ni nini hiki? Kitaisha? Nitaweza kuendelea na cherehani? Tena rafiki yangu ana miadi ya upasuaji kama wangu, na tangu aone hali yangu ameanza kusita."*

Dada yangu, pole kwa yote uliyopitia. Katika ujumbe wako naona hofu tatu zimefungwa fundo moja: kupooza, moyo, na saratani kurudi. Nitazifungua moja moja, ila sitaki kukuweka roho juu. Unachokieleza kinafanana sana na jeraha la neva (mshipa wa fahamu) moja ndogo ya ngozi ambayo hupita kwapani, palepale tezi zako zilipotolewa. Neva hiyo haiendeshi msuli hata mmoja, kwa hiyo haina uwezo wa kukupoozesha mkono. Kuwaka moto kwake, peke yake, si dalili ya saratani. Eneo lenye ganzi mara nyingi hupungua kadiri miezi inavyokwenda, ingawa kipande fulani huenda kikabaki hivyo siku zote. Ule moto nao una dawa, ila si hizo ulizomeza. Nasema "kinafanana" kwa kuwa sijakupima kwa mikono yangu. Huko mbele nitakutajia dalili ambazo ukiwa nazo, jibu hili si lako tena na inabidi uonwe haraka.

Neva yenyewe kitabuni inaitwa interkostobrakiali. Jina refu kuliko unene wake. Neva kubwa za mkono, zile zinazokunja kiwiko, zinazoshika sindano na zinazokupa hisia vidoleni, hutoka kwenye uti wa mgongo maeneo ya shingo na mwanzo kabisa wa kifua. Zinaungana, zinapita chini ya mtulinga, kisha zinaingia kwapani zikiwa zimeuzunguka mshipa mkubwa wa damu uendao mkononi. Hii yako haisafiri nao. Inatoka kifuani. Ni tawi la neva ya pili ya kifua, ile inayopita katikati ya ubavu wa pili na wa tatu. Ikifika ubavuni, chini ya kwapa, inatoboa misuli ya katikati ya mbavu na kujitokeza nje. Wenzake wa mbavu za chini wakitokeza hivyo huishia kwenye ngozi ya kifua na ya ubavu. Yeye hapana. Anavuka kwapa zima, katikati ya mafuta, mpaka kwenye ngozi ya ndani na ya nyuma ya mkono, kati ya bega na kiwiko. Huko anakutana na neva nyingine ndogo ya ngozi, iliyotoka kwenye lile kundi la shingoni, na wawili hao wanagawana eneo.

Namna wanavyogawana haifanani kwa watu wote. Kuna mtu ambaye neva hii ni shina moja nene kiasi. Mwingine ana matawi mawili au matatu membamba. Kuna ambaye neva ya kwanza au ya tatu ya kifua humchangia tawi. Kwa mmoja eneo lake linaishia kwapani tu, kwa mwingine linateremka hadi jirani na kiwiko, kama lako. Kwa hiyo usishangae ukikutana kliniki na mwenzako aliyepasuliwa na daktari yuleyule, wiki hiyohiyo, naye akawa na ganzi ya ukubwa wa sarafu au asiwe nayo kabisa. Haimaanishi kwamba yeye alihudumiwa vizuri na wewe vibaya.

Sasa, kwa nini iumie? Tezi ambazo daktari anazitafuta zimelala ndani ya mafuta yaleyale ambayo neva hii inayapita. Mpasuaji akifungua kwapa anakuwa na neva tatu za kuziangalia. Moja inaendesha msuli unaolibana kombe la bega kwenye mbavu. Ya pili inaendesha msuli mpana wa mgongo, unaousaidia mkono kuvuta kitu kuja chini. Hizo mbili hulindwa kwa nguvu zote, maana zikikatika mtu anapoteza nguvu. Ya tatu ni hii ya ngozi, na bahati mbaya imekatiza katikati ya uwanja wa kazi. Kuna wakati inawezekana kuichambua kutoka kwenye mafuta na kuiacha nzima. Kuna wakati inavutwa ikachubuka. Na kuna wakati inakatwa kwa makusudi, kwa sababu tezi zenye saratani zimeishikilia na kuiacha kungekuwa kuacha ugonjwa ndani.

Kwa hiyo wifi yako hajakosea lote. Huenda kweli kuna kitu kilikatwa. Lakini si mshipa wa damu, na si neva ya nguvu. Unaweza kulithibitisha mwenyewe leo jioni. Nyoosha mkono juu, kunja kiwiko huku mtu akikuzuia, bana karatasi kati ya vidole mtu akijaribu kuichomoa, ingiza uzi kwenye tundu la sindano. Kisha simama mbele ya ukuta, usukume kwa viganja viwili, na mtu akuangalie mgongoni: kombe la bega la kushoto libaki limelala kwenye mbavu sawa na la kulia. Kama yote haya unayafanya, hata kama bega ni gumu au linavuta, neva za nguvu ziko kazini. Na kwa kuwa kilichojeruhiwa ni neva ya ngozi, jeraha hilo haliambukizi neva za jirani wala halitambai kwenda kwenye misuli. Mkono haupoozi "taratibu" kwa njia hii.

Naomba ufanye na kitu kingine, ambacho nakithamini kuliko vipimo vingi vya gharama. Chukua kipande cha pamba na kalamu. Anza mahali ambapo hisia ni nzuri kabisa, sogeza pamba polepole kuelekea kwenye ganzi, na pale hisia inapobadilika weka alama. Zunguka hivyo pande zote mpaka upate mpaka mzima. Mwambie mtu akupige picha kwa simu, uandike tarehe. Rudia baada ya miezi mitatu. Ramani hiyo itakusaidia kwa mambo mawili. Kwanza utaona mwenyewe kama eneo linapungua, badala ya kubahatisha kila usiku. Pili, itatuonyesha kama ganzi imebaki ndani ya eneo la neva hii: kwapa, ndani na nyuma ya mkono, mwisho kiwiko. Mkono wa chini una neva zake. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vina neva yao, na kidole cha mwisho kina yake. Ganzi ikivuka kiwiko na kufika vidoleni, si kazi ya interkostobrakiali tena.

Kuhusu kupona: neva iliyochubuka tu huamka ndani ya wiki au miezi michache. Ile ambayo nyuzi zake za ndani zimekatika lakini ala ya nje ni nzima inaweza kuota upya, kwa kukadiria milimita moja kwa siku, sawa na sentimita tatu kwa mwezi, ikiwa njia haijazibwa na kovu. Iliyokatwa kabisa, na kipande kikatolewa pamoja na mafuta ya kwapa, hairudi kama ilivyokuwa. Hata hivyo eneo lake halibaki lote mfu. Ni kama shamba lililoachwa na mwenyewe: majirani wa pande zote husogeza matuta yao kidogo kidogo. Neva za jirani, ya mkono na ya mbavu za chini, hutoa vichipukizi kuingia kwenye ngozi isiyo na neva, na mpaka wa ganzi unarudi nyuma. Kwa wengi mabadiliko makubwa huonekana mwaka wa kwanza, mengine huendelea hadi wa pili. Wewe uko mwezi wa saba. Bado ni mapema kusema kitakachobaki.

Tuje kwenye jambo linalowachanganya watu kuliko yote: panawezaje kuwaka moto mahali ambapo hapana hisia? Jibu ni kwamba moto hautoki kwenye ngozi. Unatoka kwenye neva yenyewe. Ncha iliyojeruhiwa inajaribu kuota. Vichipukizi vyake vinanasa kwenye kovu, vinakuwa vyepesi kushtuka, na vinatuma ishara bila kuguswa na chochote. Ubongo haujui kwamba njia imekatika kwapani. Miaka 46 umezoea kwamba ishara ikija kwa njia hiyo imetoka kwenye ngozi ya mkono, basi unaisoma hivyohivyo: ngozi inaungua. Juu ya hayo, seli za uti wa mgongo zilizokuwa zikipokea habari kutoka kwenye neva hii, zikikosa habari za kawaida, huongeza usikivu wao. Hata mguso mdogo wa pembezoni, kama huo wa blauzi, unapokelewa kama maumivu. Usiku inazidi kwa sababu mchana una wateja, una vipimo, una kelele za cherehani. Ubongo una mengine ya kusikiliza.

Hauko peke yako kwa hili. Mwaka 2009 watafiti wa Denmark walichapisha majibu ya wanawake zaidi ya 3,000 waliokuwa wamefanyiwa upasuaji wa saratani ya titi miaka miwili hadi mitatu kabla. Asilimia 47 walikuwa bado na maumivu, na asilimia 58 walikuwa na mabadiliko ya hisia. Katika wale wenye maumivu, walioyaita makali walikuwa sehemu ndogo. Nakupa hesabu hizi si za kukutisha. Nataka ukienda kliniki usiseme kwa sauti ya kuomba radhi kwamba "mkono unanisumbua kidogo". Ni tatizo linalojulikana na linastahili kutibiwa.

Jirani yako na moyo. Alichosema hakikutoka hewani. Ishara za maumivu ya moyo huingia kwenye uti wa mgongo maeneo ya juu ya kifua, na neva yako nayo huingia hapohapo. Ndiyo sababu moyo ukikosa damu ya kutosha, watu wengi husikia maumivu upande wa ndani wa mkono wa kushoto, ingawa mkono hauna kosa. Lakini maumivu ya moyo hayaachi kipande cha ngozi chenye ganzi kwa miezi, wala hayachochewi na mkono wa blauzi. Huja zaidi na kubanwa au kulemewa kifuani, huongezeka ukipanda ngazi au ukibeba ndoo, na huweza kufuatana na jasho jingi, kichefuchefu au kukosa pumzi. Ukipata hayo nenda hospitali saa hiyohiyo, usisubiri kulipambanua nyumbani. Na kwa kuwa baadhi ya dawa za kemo huweza kudhoofisha moyo, na mionzi yako ilikuwa upande wa kushoto, hili silipuuzi kwako. Nasema tu kwamba picha uliyonieleza si hiyo.

Hofu yako kubwa, saratani kurudi. Maumivu ya neva iliyojeruhiwa kwenye upasuaji kwa kawaida huanza siku au wiki chache baada ya upasuaji, hukaa eneo lilelile, hupanda na kushuka lakini kwa ujumla hayasongi mbele. Kinachonitia wasiwasi ni kinyume chake: maumivu mapya yanayoanza baada ya kipindi cha nafuu na kuongezeka wiki hadi wiki, mkono kupoteza nguvu, vitu kukudondoka, ganzi kuingia vidoleni, uvimbe mgumu kwapani, juu ya mtulinga au kwenye kovu, mkono kuvimba ghafla, maumivu ya mfupa usiku na mchana, kupungua uzito bila sababu. Saratani ikirudi kwapani hubana zile neva kubwa, na mionzi nayo huweza kuzidhuru, wakati mwingine baada ya miaka. Ukiona moja ya hizi usisubiri tarehe yako ya kliniki.

Kuna mambo mengine mawili yanayofananishwa na hili. Ukinyoosha mkono ukaona kamba imetuna chini ya ngozi kutoka kwapani kuteremka kuelekea kiwiko, na inavuta, hiyo si neva. Ni mishipa midogo ya limfu (majimaji yanayopita kwenye tezi) au ya damu iliyoziba na kukakamaa baada ya upasuaji, na hulainika kwa mazoezi. Na kama una ganzi kwenye vidole vya mikono yote miwili na miguu yote miwili, hiyo ni ya kemo, hasa dawa kama paklitakseli, na ina mjadala wake.

Sasa ulichokuwa ukifanya. Diklofenaki hupunguza maumivu yatokanayo na uvimbe wa jeraha. Kwenye neva inayojirushia ishara yenyewe haina la kufanya, na ukiimeza miezi utaumiza tumbo na figo bila faida. Acha. Vitamini B husaidia mtu aliyepungukiwa na vitamini hiyo; haiungi neva iliyokatwa. Famasi nyingi zinaiuza kwa kila anayetamka neno ganzi, na dozi kubwa ya B6 kwa muda mrefu inaweza yenyewe kuharibu neva.

Kukanda kwa maji ya moto, tafadhali, kukome leo. Ngozi isiyo na hisia haikuambii kwamba maji yamezidi moto. Malengelenge hutokea mtu akiwa ametulia anazungumza. Isitoshe, kwapa lililotolewa tezi halisafirishi vizuri majimaji ya mkono, na joto kali huyaongeza. Kuchanjwa ndiyo kabisa. Wembe mchafu kwenye mkono huo ni mlango wa vijidudu, na maambukizi ni mojawapo ya vichochezi vikubwa vya uvimbe wa mkono ambao ukishaanza ni vigumu kuuondoa. Tena hakuna damu mbaya ya kutoa hapo. Tatizo liko kwapani, ndani ya kovu, wembe haufiki.

Kwa fundi kama wewe ninaogopa pasi kuliko cherehani. Mkono wa kushoto unaposhikilia kitambaa wakati wa kulia unasukuma pasi, upande wa ndani unaweza kugusa chuma na usijue mpaka usikie harufu. Vaa mikono mirefu unapopiga pasi. Ukinyoa kwapa tumia mkasi au mashine isiyogusa ngozi, mbele ya kioo. Kagua eneo hilo kila unapooga, lipake mafuta, maana neva hii hubeba pia nyuzi zinazoamuru jasho, na ngozi yake huweza kuwa kavu.

Nini basi kinasaidia? Cha kwanza hakina gharama, na vifaa unavyo dukani kwako. Kila siku, mara tatu au nne, dakika chache, jisugue taratibu kwa vitambaa: anza na satini, nenda kwenye pamba laini, kisha kitenge, mwisho jinsi. Anzia pembezoni mwa ganzi, mahali panapovumilika, usogee ndani siku hadi siku. Angalia kwa macho unapofanya. Tunaizoesha mifumo ya uti wa mgongo na ubongo kwamba mguso ni mguso. Kazi hii ni ya polepole, na wiki mbili za mwanzo huenda usione kitu. Chini ya blauzi vaa kitu laini kinachobana kidogo. Mguso unaokaa mahali pamoja huumiza kidogo kuliko unaopapasa.

Dawa za maumivu ya neva zipo, na nyingine ni za bei nafuu. Amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona, kwa dozi ndogo usiku hupunguza ishara za neva na inaleta usingizi, jambo ambalo kwako ni faida. Hukausha mdomo, huweza kufunga choo na kuleta kizunguzungu ukiinuka ghafla, na haifai kwa mwenye matatizo fulani ya mapigo ya moyo au presha ya macho. Gabapentini na pregabalini ni kundi jingine. Husaidia baadhi ya watu na huwalevya wengine mpaka mashine ikawa hatari kwao. Duloksetini nayo hutumika, lakini hapa sikiliza vizuri: wewe unameza tamoksifeni, na duloksetini hupunguza kiasi fulani uwezo wa ini kuigeuza tamoksifeni kuwa dawa yenye nguvu kamili. Fluoksetini na paroksetini, dawa nyingine za sonona, huzuia zaidi. Kwa hiyo mtajie tamoksifeni kila anayekuandikia dawa, na usiiache hata siku moja kwa ajili ya mkono. Dozi sikuandikii hapa; anayekuona ana kadi yako na presha yako. Dawa yoyote atakayochagua ipe wiki tatu nne, akipandisha polepole, kabla ya kusema imeshindwa. Lengo la kweli ni kuupunguza moto huo kiasi cha kulala na kufanya kazi. Kuuzima kabisa hutokea, ila siwezi kukuahidi.

Ikishindikana, daktari wa usingizi au wa maumivu anaweza kuchoma sindano ya ganzi kuizunguka neva hiyo pale inapotokea ubavuni, akiongozwa na ultrasaundi. Wengine hupata nafuu inayozidi muda wa dawa yenyewe, wengine saa chache tu, ila hata hizo saa chache humhakikishia daktari kwamba neva inayolalamika ni hiyo. Huduma hii haiko kila mahali. Ulizia kwenye hospitali ya rufaa au ya saratani unakofuatiliwa. Kufungua tena kwapa kutafuta ncha ya neva ni hatua ya mwisho kabisa, na mimi binafsi huwa mzito kuishauri, maana kovu jipya huzaa matatizo mapya.

Cherehani endelea nayo. Mkono unaotunzwa bila kutumiwa hukakamaa begani, na bega lililokakamaa huongeza maumivu mengine juu ya haya. Simama kila nusu saa, tembeza vidole ukutani kupanda juu kadiri unavyoweza, zungusha mabega, kisha rudi kazini. Majora mazito mwachie mtu mwingine kwa sasa, uongeze uzito kidogo kidogo. Kama bega haliinuki kupita usawa wa sikio, omba uelekezwe kwa mtaalamu wa fiziotherapia hata kama hakuna aliyekutajia.

Umebaki rafiki yako, na huyu ndiye ananiharakisha. Mwambie asiahirishe. Ganzi ya mkono ni bei tunayoijua. Saratani iliyoachwa kwapani hatujui itafika wapi. Ila ana haki ya kuuliza maswali kabla ya kusaini fomu, na daktari mzuri hatayachukia. Aulize kama tezi zake zimeonyesha ugonjwa, na kama kituo kinaweza kupima kwanza zile tezi chache za mwanzo kwa rangi au dawa ya mionzi, badala ya kuondoa zote. Wenye kwapa lisilo na ugonjwa wanaweza kuepuka upasuaji mkubwa kwa njia hiyo. Aulize pia kama neva ya interkostobrakiali inaweza kuachwa. Tafiti zilizolinganisha walioachiwa neva na waliokatwa zinaonyesha ganzi hupungua bila kupunguza idadi ya tezi zinazotolewa, ingawa kwenye maumivu faida haionekani wazi kiasi hicho. Akijibiwa kwamba tezi zimeng'ang'ania na neva haitaachwa, akubali, aingie chumba cha upasuaji akijua mkono utakuwaje akiamka. Wewe hukuambiwa, na nadhani nusu ya hofu yako ya miezi hii saba ilitoka hapo.